Jina la Gari Linatoka kwa Nani?

Magari yanayotutoa Nakivale kutupeleka Mbarara, mengi ni Toyota ndogo za familia. Waliyoyatengeneza waliwaza watu watano: baba na mama mbele, watoto watatu nyuma. Sisi tunapanda tisa, na kuku yuko miguuni. Asubuhi moja pale Base Camp, tukingoja gari lijae, mtoto wa miaka kama saba alizunguka nyuma, akaweka kidole kwenye herufi za buti, akasoma polepole: Ko-ro-la. Kisha akamwuliza dereva, "Papa, Korola ni nani?"

Watu tulicheka. Dereva, Mnyankole mpole, akasema ni jina tu la gari. Mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake la maharage akamkatalia: "Jina haitokaka bure, papa. Kuko mutu mwenye aliiweka."

Naandika haya kwa sababu ya maneno ya yule mama. Kweli, kuko mtu aliyeliweka. Ni nani huyo? Na mbona majina mengine yanashika, mengine yanakufa? Huku kwetu swali hili si la magari peke yake, nitaeleza mbele.

Tuanze na jina kubwa, Toyota. Familia iliyoanzisha kampuni hiyo Japani inaitwa Toyoda, kwa "d". Mwaka 1936 waliitisha shindano la watu wote kutafuta nembo ya magari yao, na mapendekezo kama 27,000 yakaletwa. Hapo ndipo Toyoda ikageuka Toyota. Sababu mojawapo ilikuwa ya mwandiko: kwa herufi zao za katakana, Toyota inaandikwa kwa mikato minane ya kalamu, na nane kwa Wajapani ni namba ya bahati. Familia ikakubali kubadilisha herufi moja ya jina lake yenyewe. Kumbuka neno hilo, walikubali. Hawakubadilishiwa.

Korola ya yule mtoto ilianza kuuzwa mwaka 1966. Corolla ni neno la Kilatini, maana yake taji dogo, au shada la petali za ua. Kampuni hii ilipenda mataji: kabla yake kulikuwa na Crown mwaka 1955 na Corona mwaka 1957, na baadaye ikaja Camry, jina lililotoka katika neno la Kijapani kanmuri, ambalo nalo ni taji. Hata Premio, tunayoiona kila siku Mbarara, ni zawadi kwa Kihispania na Kiitaliano. Mtu wa kawaida ananunua gari la kupeleka watoto shule, anaambiwa amevaa taji. Ni ujanja wa biashara, lakini umefaulu: hadi mwaka 2021 Corolla zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzwa duniani.

Si kila kampuni iliyobahatika hivyo. Mwaka 1955 Ford ya Marekani ilikuwa inaandaa magari mapya kwa familia za kipato cha kati. Walikusanya majina kwa maelfu. Wakamwandikia hata mshairi, Marianne Moore, awasaidie kupata neno zuri. Akawapelekea majina mengi, mojawapo likiwa Utopian Turtletop, ambalo ndani yake mna kobe. Wakamshukuru kwa maua, ila majina yake hawakuyatumia. Mwishowe wakubwa wa kampuni waliyaweka kando yale maelfu yote, wakachagua Edsel, jina la mtoto wa Henry Ford aliyekuwa amefariki mwaka 1943. Familia yenyewe ilikuwa imesita kuona jina la baba yao likizunguka kwenye magurudumu.

Edsel ikazinduliwa Septemba 1957. Ford ilitumaini kuuza 200,000 mwaka wa kwanza. Hadi inasimamishwa Novemba 1959, zote zilizotengenezwa hazikufika 120,000, na hasara inakadiriwa kuwa dola milioni 250. Jina halikuwa kosa la pekee: uchumi ulikuwa umeshuka, bei iliwachanganya wateja, magari mengine yalitoka kiwandani na kasoro, na watu waliucheka uso wa gari. Lakini tazama kilichobaki. Hadi leo Mmarekani akitaka kusema jambo kubwa limeanguka vibaya, anaweza kusema ni Edsel. Mtu alikufa, hakuulizwa, na jina lake likawa mzaha.

Sasa turudi kwetu. Afrika Mashariki nayo imejaribu kutengeneza gari lake na kulipa jina. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wakatengeneza matano ya majaribio, yenye uwezo wa kufika kilomita 120 kwa saa. Yakazinduliwa Kasarani, Februari 1990. Yaliitwa Nyayo Pioneer.

Pioneer ni mtangulizi. Nyayo lilikuwa neno la rais. Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Moi alisema atafuata nyayo zake, na kuanzia hapo neno likabandikwa kila mahali. Kulikuwa na maziwa ya Nyayo shuleni, mabasi ya Nyayo, uwanja wa Nyayo. Kulikuwa pia na Nyayo House katikati ya Nairobi, jengo ambalo chini yake wapinzani wa serikali walifungiwa na kuteswa, miaka ile ile gari lilipokuwa linabuniwa. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa yale maziwa alilisikia neno hilo na kufurahi, na jirani yake aliyemkosa baba alilisikia na kunyamaza. Kampuni ya Nyayo iliundwa ili magari yatengenezwe kwa wingi, fedha hazikupatikana, na gari halikufika sokoni. Lilikufa kwa kukosa pesa, hilo tuseme wazi. Lakini hata kama lingeishi, lingebeba jina la mtu mmoja juu ya migongo ya wote.

Uganda ilikwenda njia nyingine. Novemba 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari dogo la umeme la watu wawili, Kiira EV. Kiira ndilo jina la Basoga kwa mto Nile, mto unaotoka ziwani pale Jinja na kuzungusha mitambo ya umeme. Kwa gari la umeme, jina hilo linakaa vizuri: ni la mahali, lilikuwepo kabla ya serikali yoyote, na halimtukuzi mtu. Mwaka 2014 likafuata gari la familia lenyewe, la viti vitano, linalotumia umeme pamoja na petroli. Hilo waliliita Kiira EV Smack. Hapa mimi nasita kidogo. Smack kwa Kiingereza ni kofi. Februari 2016 likaja basi la kutumia pia nguvu za jua, Kayoola, kutoka neno la Kiganda kuyoola, yaani kuzoa, kuokota vingi kwa pamoja. Basi linazoa watu barabarani. Mama wa sokoni analielewa bila kufafanuliwa. Na kati ya hizo mbili, ni Kayoola iliyoendelea hadi kubeba abiria, Smack ikabaki gari la maonyesho. Sisemi ni kwa sababu ya jina. Nasema tu moja lilizungumza na abiria.

Lakini majina yaliyoshinda yote katika nchi zetu hayakutoka kampuni wala ikulu. Kenya wanapanda matatu, kwa sababu nauli ya zamani ilikuwa sarafu tatu za senti kumi. Tanzania wanapanda daladala, kutokana na sarafu ya shilingi tano ambayo watu waliiita dala. Hapa Uganda basi dogo la abiria ni kamunye, ambalo kwa Kiganda ni mwewe, yule ndege anayeshuka ghafla na kunyakua kifaranga. Anayejua makondakta wetu hahitaji maelezo. Na boda boda ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli waliwabeba watu kutoka boda moja hadi boda nyingine. Hakuna aliyelipwa kwa majina haya wala aliyeyapigia kura. Abiria aliyatamka, mwingine akayarudia. Nyayo Pioneer limesahauliwa, lakini neno boda boda limevuka mipaka mingi kuliko sisi wakimbizi.

Ndiyo maana nasema jina lina nguvu pale anayelibeba amelikubali. Hata Mbarara, tunakokwenda kuuza maharage, wenyeji hueleza kwamba umeitwa hivyo kwa ajili ya majani ya emburara yaliyoota pale. Na Nakivale, iliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, ina New Congo na Little Kigali ndani yake, maana watu walipofika walitaka mahali pa kusema "nakaa", si namba ya kiwanja tu.

Lakini kwenye karatasi, mambo ni mengine. Kwetu Kongo kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe: mmoja la babu, mwingine la siku alizozaliwa, mwingine la msiba uliopita. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na hata jina moja la kushirikiana. Sisi nyumbani tuko hivyo. Siku ya kuandikishwa tuliulizwa, "Kama ni ndugu, mbona hamna jina moja?" Mwandishi mmoja alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu, akampa mdogo wangu jina la mwisho la baba, na hilo akaliandika alivyolisikia, herufi mbili pungufu. Kwenye cheti chake cha shule ya Kongo yuko mtu mmoja, kwenye kadi ya hapa yuko mwingine. Alipopata nafasi ya masomo Mbarara, alitakiwa athibitishe kwamba wote wawili ni yeye. Miezi minne imepita, bado anathibitisha.

Ford walisoma maelfu ya majina kabla ya kuchagua jina la gari, na bado wakakosea. Jina la mdogo wangu lilichaguliwa kwa muda wa kuandika mstari mmoja.

Wale mnaofanya kazi na sisi, mnaosoma kurasa hizi, ombi langu ni dogo. Ukimaliza kuandika jina la mtu, mgeuzie karatasi alione. Kama hajui kusoma, msomee kwa sauti, polepole, kama yule mtoto alivyosoma buti la gari. Kisha ngoja aseme, "Ndiyo, huyo ni mimi." Ukifanya hivyo utachelewa dakika moja, naye hatachelewa miezi minne.

Siku ile, tulipofika Kaberebere, nilimwambia yule mtoto kwamba Korola ni taji dogo. Aliwaangalia watu tisa waliobanana, akamwangalia na kuku, akasema, "Basi hii ni taji ya nani?" Mama wa Bukavu akamjibu mbele ya sisi wote: "Ni yetu, mutoto wangu. Sisi ndiyo tuko ndani."