Santuri Iliyorudi kwa Njia ya Ulaya

Mji wa Same umekaa mguuni pa Milima ya Upare, mahali ambapo barabara kuu iendayo Moshi na reli itokayo Tanga hupita jirani. Mji wa njiani husikia mengi. Hivyo hatukuona ajabu kusikia muziki mgeni masikioni mwetu katika kibanda cha kijana mmoja atengenezaye redio na simu karibu na stendi ya mabasi. Gitaa la umeme lilikuwa likikwaruza na kulia kwa namna ya bluzi, na ngoma zikigonga kwa uzito. Tukadhani ni vijana wa Uingereza au wa Marekani. Mara mwimbaji akaingia kwa Kiswahili. Tulipouliza ni nani hao, kijana akatusomea maandishi yaliyokuwa katika simu yake: Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, albamu iitwayo Ave Africa, mwaka 1976.

Tulikuwa tumefanya kazi ya utamaduni kwa miaka mingi, na jina hilo hatukuwa nalo katika orodha zetu. Makala haya yametokana na aibu hiyo.

Sunburst ilikuwa bendi ya vijana wa Dar es Salaam katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Sauti ya James Mpungo na gitaa la Hembi Flory Kongo ndivyo vinavyomshika msikilizaji kwanza. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wakachanganya roki, souli na midundo ya kwetu. Mtindo wao waliuita Kitoto. Jambo hili la jina si dogo. Ni desturi ya bendi zetu kuupa muziki wao jina la mtindo: NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa. Vijana hawa nao, ingawa magitaa yao yalipiga kelele za mbali, walijipanga katika mstari ule ule wa wenzao.

Yafaa tujiulize kelele hizo zilitoka mbali kiasi gani. Bluzi ilizaliwa na watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa, katika mashamba ya pamba ya Mississippi na kwingineko. Walipohamia miji ya kaskazini kama Chicago kutafuta kazi, gitaa lao likatiwa umeme. Vijana wa Uingereza wakaisikia katika santuri, wakaiiga, wakaiongezea uzito. Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi, alipata jina kubwa huko London kuanzia mwaka 1966, na Led Zeppelin wakafuata mwaka 1968. Hiyo ndiyo roki nzito, na mizizi yake ni bluzi. Basi ilipofika Dar es Salaam na Lusaka, ilikuwa kama mjukuu aliyezaliwa ugenini akirudi kwa babu yake akiwa amevaa nguo zisizotambulika.

Miongoni mwa nyimbo za Sunburst mmoja unaitwa Enzi za Utumwani. Hapa Same jina hilo halisomwi kijuujuu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita chini ya milima hii, na biashara ya watu ilikuwamo. Waliotekwa huku hawakuwa wao waliopelekwa Mississippi, maana wengi wao walipelekwa pwani na Unguja. Lakini msiba ulikuwa wa aina moja, na kijana wa Dar es Salaam aliyeuimba kwa gitaa la bluzi alikuwa akizikutanisha pande mbili za kilio kimoja.

Kwa nini basi muziki huu haukuhesabiwa kuwa wetu? Jibu lataka uadilifu. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoliundia taifa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika kwamba elimu ya kikoloni iliwafundisha wasomi wetu kucheza dansi za Ulaya huku wakizionea haya ngoma zao. Maneno hayo yalikuwa ya haki, na dawa ilihitajika. Lakini dawa ikizidi kipimo humdhuru mgonjwa. Mwaka 1969 ilikuja Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi na mawigi, na mwezi Novemba mwaka huo huo muziki wa souli ukapigwa marufuku katika Dar es Salaam. Ukawekwa mpaka: huku cha taifa, kule cha wageni. Kijana mwenye gitaa la kukwaruza alijikuta amesimama juu ya mpaka wenyewe, bila upande.

Tena palikuwa na shida ya vyombo. Redio ya taifa ilirekodi bendi kwa wingi, lakini santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi. Nchini Zambia hali ilikuwa nyingine. Fedha ya shaba ilikuwa imewapa vijana wa migodini magitaa na vipaza sauti, na Rais Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Bendi kama WITCH na Amanaz zikapiga roki nzito mchana kweupe, nayo ikahesabiwa ya nchi. Huko ndiko Ave Africa ilikotolewa mwaka 1976. Muda si mrefu bendi ikavunjika. Mwezi Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na njia ya santuri za Nairobi ikazibwa. Watu wa Same, wanaoiona Kenya kutoka milimani, wanakumbuka jinsi mpaka huo ulivyokuwa mzito mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983.

Ave Africa ikapotea machoni pa wengi. Iliporudi, haikurudi kwa mkono wetu. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi za Sunburst za mwaka 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Kijana wa Same aliupata muziki wa Dar es Salaam kupitia London.

Upare unaijua hadithi hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmisionari Mjerumani, Jakob Janssen Dannholz, alikaa Mbaga na kuandika habari za imani na desturi za Wapare. Kitabu chake kilichapwa Leipzig mwaka 1916, kwa Kijerumani. Kwa muda mrefu, Mpare aliyetaka kusoma habari za babu zake alipaswa kujua lugha ya mgeni. Mambo yalianza kubadilika pale Isaria Kimambo, mzaliwa wa milima hii, alipokwenda kuwasikiliza wazee mwenyewe na kutoa historia yake ya Wapare mwaka 1969. Hakuidharau kazi ya Mjerumani. Alikataa tu kuwa ndiyo neno la mwisho.

Hapa inatubidi tukiri la kwetu. Wakati fulani tulitakiwa kuorodhesha muziki wa wilaya. Tuliandika ngoma, kwaya na mashairi. Magitaa tuliyaacha, kwa kuwa tulirithi mizani ile ile ya kwamba gitaa la umeme ni mgeni. Na palikuwa na mzee mmoja mjini, ambaye ujanani mwake alipiga gitaa katika bendi, naye alikuwa akipita mbele ya ofisi karibu kila siku. Alifariki kabla hatujamwuliza hata swali moja. Hakuna London itakayomrudisha huyo, kwa kuwa hakuwa na santuri.

Hatusemi kwamba kila kelele ya gitaa ni hazina, wala hatusemi ngoma za wazee zisitangulie. Twasema kwamba mtunza daftari hana haki ya kufuta kabla ya kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kanda za redio ya taifa zinazeeka ndani ya makasha yake, na waliozirekodi wanazeeka pamoja nazo. Katika Same, Mwanga na vijiji vya milimani wamo waliobaki: wapigaji, waimbaji, wenye mabaa waliokodi bendi, mafundi waliotengeneza vipaza sauti.

Kijana wa stendi alituuliza kama twamjua mtu yeyote hapa aliyewahi kupiga muziki wa namna ile. Tukamwambia kuhusu yule mzee. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wengine?" Orodha mpya tumeianza kwa swali hilo.