Kula peke yako ukiwa safarini

Wasikilizaji wetu wa Igalula wanaokwenda Tabora mjini kwa shughuli za siku moja, iwe Hospitali ya Kitete, benki au mahakamani, wengi hushinda na njaa. Fedha wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kuingia naye mgahawani. Kwetu anayekula peke yake huonekana mchoyo, na akina mama wengi huona haya kuketi katikati ya wasiowajua.

Mazoea haya ni ya zamani. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani walikula kwa makundi, kila kundi na chungu chake, na posho ilipimwa kwa kibaba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Safari ya miguu ya miezi ikawa ya siku chache, na mtu akaweza kusafiri bila kundi.

Siku hizi chungu cha msafiri kiko kwa mama ntilie. Jina lenyewe ni ombi la mwenye njaa: mama, nitilie. Benchi lake ni la wote, kwa hiyo usingoje kukaribishwa. Salimia waliokaa, kisha uliza bei kabla ya kuagiza, maana wali maharage na wali nyama si bei moja. Chakula kikija, mwambie jirani yako "karibu". Atajibu "asante" na kuendelea na sahani yake. Uchoyo umekwisha hapo. Mama anayesafiri peke yake akae karibu na jiko, aongee na mwenye biashara. Mzigo uwe miguuni.

Chagua penye wateja wengi na chakula kinachotoka motoni. Kachumbari tunashauri uiache kama hujui imeoshwa kwa maji gani.

Chakula au kinywaji cha abiria usiyemjua ukikatae kwa upole. Wapo waliowahi kuleweshwa hivyo na kuibiwa.

Mwenye kisukari ndiye asiyepaswa kabisa kuruka mlo. Anayechoma insulini, au kumeza baadhi ya vidonge, sukari yake inaweza kushuka ghafla: atatetemeka, atatoka jasho, hata kuchanganyikiwa. Abebe asali au soda yenye sukari, atumie mara tu dalili zinapoanza, kisha ale chakula kamili. Akizimia asinyweshwe kitu, awahishwe hospitali.