Nanga Mbili

Msomaji wa pwani akisikia neno nanga, fikra zake huenda chomboni. Mhaya wa Bukoba au Muleba hukumbuka enanga: ubao uliochimbwa mfano wa hori na kutandikwa nyuzi, ambao manju huupiga huku akighani tendi za mashujaa. Mugyabuso Mulokozi, mmoja wa washairi wawili wa Malenga wa Bara (1976), alizichunguza tendi hizo katika miaka ya 1980 na kuonyesha uzito wake kifasihi.

Tendi hizo zilikuwa na makao: baraza za watawala wa Kiziba, Kyamutwara na Ihangiro, ambayo leo imo Muleba. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu. Hakuna aliyemkataza manju kughani. Ukumbi wake mkuu ndio uliofungwa. Sanaa ikabaki, makao yakaondoka.

Unguja iliona kinyume chake: makao yalibaki, kazi ikaondoka. Forodha ya Kale ya Mizingani ilikuwa nyumba ya shehena na ushuru. Shughuli za bandari zilipohamia kwingine, jumba lilipata wageni wapya: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002, kikafundisha humo taarabu, kidumbaki na ngoma kwa miaka mingi. Nairobi nako, mwaka 2003, ghala lililokuwa karakana ya magari liligeuzwa kituo cha sanaa cha GoDown.

Bukoba pia ni mji wa bandari. Gatini pake kahawa imepakiwa, na jamaa wamengojewa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya waliongojwa nchi kavu hawakufika. Mji wenye kumbukumbu nzito hivyo unahitaji mahali pa kuzighani. Basi siku ghala au banda la abiria la pwani ya ziwa litakapomaliza kazi yake, lisiulizwe tu bei ya mabati. Iulizwe pia ni sauti gani haina ukumbi.

Lakini kuta hazifundishi. Mwaka 2019 chuo cha Mizingani kilitangaza kuwa kimo hatarini kufungwa kwa kukosa fedha, jengo likiwa limesimama imara. Atakayekarabati paa amkumbuke na manju anayeketi chini yake: ale nini, na amrithishe nani. Chombo hakitulii kwa nanga isiyo na mnyororo.