Redio Ilipogeuzwa Darasa



Kila yanapotajwa maradhi mapya yanayoenea kwa kasi, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, na wiki iliyopita niliulizwa tena ndani ya matatu: kwani shule zikifungwa, watoto si watasoma kwa redio? Mimi ni mtu wa redio. Redio ndiyo iliyonipa unga na ndiyo iliyowasomesha wanangu. Ningependa sana kujibu ndiyo na kushuka kituo changu kwa fahari. Lakini niliyoyaona mwaka 2020 hayaniruhusu, ndiyo maana leo naomba turudi nyuma kidogo.

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 nilikuwa zamu studioni. Siku mbili kabla, Ijumaa, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw. Mutahi Kagwe, alikuwa ametangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana humu nchini. Jumapili hiyo Rais Uhuru Kenyatta akalihutubia taifa, akaamuru shule za kutwa zisifunguliwe kuanzia Jumatatu, nazo za bweni zihakikishe wanafunzi wamekwenda makwao kufikia Jumatano. Tulisoma amri ile katika kila taarifa ya habari hadi usiku. Hata hivyo, kesho yake asubuhi, katika shule moja ya msingi ya umma hapa Eastlands, watoto wasiopungua darasa zima walifika langoni na sare zao, mikoba mgongoni, kwa kuwa kwao hakuna aliyesikia habari. Mwalimu mkuu wa shule hiyo ni jirani yangu, na mengi nitakayosema alinisimulia mwenyewe. Aliwarudisha nyumbani akiwaambia kwamba ni majuma machache tu. Hata yeye aliamini hivyo.

Juma hilo la kwanza walimu wake walifanya jambo ambalo sikulipa uzito nilipolisikia. Waliketi ofisini, kila mmoja na rejista ya darasa lake, wakaandika nambari ya simu ya mzazi mkabala na jina la kila mtoto. Kisha wakaanza kupiga. Nambari nyingine zilikuwa zimekufa zamani, nyingine zilipokewa na watu wasiomjua mtoto anayetajwa. Wazazi wenye simu za intaneti waliingizwa katika makundi ya WhatsApp, na mwalimu akawa anapiga picha ukurasa wa kitabu na kuutuma. Wenye simu za mulika mwizi hawakuwa na la kutumiwa. Na hata mwenye simu nzuri alikuwa na hesabu yake ya kufanya: anunue bando au anunue unga? Kafyu ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, mtu haingii wala hatoki. Mama mchuuzi wa mboga, ambaye wateja wake huja jioni wakitoka kazini, alikuwa amekatwa mguu mmoja wa biashara yake. Hakuwa na moyo wa kununua bando.

Basi kilichobaki ni redio. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilikuwa na masomo tayari, ikayarusha kupitia Radio Taifa na Idhaa ya Kiingereza ya KBC, na ya televisheni yakapitia Edu Channel. Hapa sina budi kusema kwamba jambo hili halikuzuliwa na korona. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka vipindi vya shule vya Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989. Mwalimu alikuwa akiileta redio kutoka ofisini akiikumbatia kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya meza, nasi tukanyamaza kuliko tulivyonyamaza kanisani.

Na kati ya mwaka 1980 na 1985 kulifanywa hapa Kenya jaribio ambalo watu wengi wamelisahau, la kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo. Mbinu yake ilikuwa imejaribiwa kwanza Nicaragua, katika somo la hesabu, miaka ya 1970. Ilikuwa mbinu ya busara. Mtangazaji aliuliza, kisha akanyamaza sekunde chache zilizopimwa, watoto wakajibu kwa sauti moja, naye akaendelea kana kwamba amewasikia. Kila siku dakika 30. Watoto wale walijifunza, na nchi nyingine zikaiga. Lakini angalia neno moja katika jaribio lile: mwalimu alikuwemo darasani. Redio iliongoza, naye mwalimu akazunguka kati ya madawati, akimwamsha aliyesinzia na kumsahihisha aliyejibu kwa kufuata wenzake.

Ukitaka kujua redio hufanya nini bila mwalimu huyo, mfano mzuri uko mbali na hapa. Septemba mwaka 1937 mji wa Chicago, Marekani, ulipatwa na polio, na shule hazikufunguliwa baada ya likizo. Wakuu wa elimu wakaomba muda katika vituo sita vya redio, vikautoa bure, na kuanzia tarehe 13 wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane wakawa wanasomeshwa hewani, kila somo dakika 15. Magazeti yalichapisha ratiba na maswali kila asubuhi. Kulikuwa na simu ya kuuliza, na siku ya kwanza pekee zilipigwa zaidi ya simu 1,000, ikabidi waongezwe walimu wa kuzipokea. Hata hivyo wazazi walilalamika: somo linakwenda mbio, redio haishiki vizuri, mtoto aliyeachwa nyuma hana wa kumvuta. Na huo ni mji uliokuwa na vituo sita, simu na magazeti, na shule zenyewe zilifungwa muda usiotimia mwezi mmoja. Sisi tulifunga kuanzia Machi, na watoto walio wengi hawakurudi hadi Januari ya mwaka uliofuata.

Sasa njoo katika chumba kimoja cha mabati, Eastlands. Redio ni moja, au ni ya ndani ya simu ya baba, na baba akitoka ametoka nayo. Watoto wanne, madarasa manne. Somo la darasa la sita likianza, wa darasa la pili hana la kufanya ila kuchezea uzi wa antena. Likikupita limekupita, hakuna kurudia ubao. Betri zikidhoofika, sauti ya mwalimu inazama. Na saa ya taarifa ya habari ikifika, hesabu ya sehemu inakatishwa kwa kuwa baba anataka kujua waliokufa leo ni wangapi. Mimi mwenyewe nilishuhudia mtoto wa jirani, wa Gredi ya 4, akisikiliza somo la sayansi kwenye ngazi za ploti yetu. Mwalimu wa redioni aliuliza swali, na yule mtoto akainua mkono. Aliuinua kabisa, akaushikilia kwa mkono wa pili kama wafanyavyo. Kisha akaushusha, akanitazama, akacheka kwa haya.

Nimefanya kazi ya kuzungumza na watu nisiowaona kwa zaidi ya miaka 20, na sijawahi kuona kasoro ya kazi hii waziwazi kama siku hiyo.

Tena shule haikuwa masomo tu. Ilikuwa uji wa saa nne na githeri ya mchana, na kwa watoto wengi wa mitaa ya mabanda hicho ndicho kilikuwa chakula cha uhakika. Ilikuwa mwalimu wa kike ambaye msichana wa darasa la saba angeweza kumnong'oneza jambo. Shule ilipofungwa hayo yote yalifungwa nayo. Magazeti ya Juni 2020 yalijaa habari za wasichana waliopata mimba, na tarakimu zilizotolewa zikazua ubishi mkali, huyu akisema zimetiwa chumvi na yule akisema zimepunguzwa. Wavulana hawakuandikwa sana. Walikuwa machimboni wakiponda mawe, au wakiokota vyuma chakavu.

Walimu nao walikuwa wa aina mbili. Wa serikali waliendelea kupata mshahara. Wa shule za binafsi walipewa likizo isiyo na malipo, na wale walioajiriwa na kamati za shule walijikuta pabaya vilevile. Mmoja aliyewahi kumfundisha mwanangu nilimkuta akiuza nyanya kando ya barabara, akajifanya hanijui, nami nikamsaidia kujifanya. Huko Mwea kuna shule ya binafsi ambayo madarasa yake yaligeuzwa kuwa mabanda ya kuku. Picha zake zilizunguka dunia nzima: kuku wamejaa, na ubao ukutani ungali na hesabu za Machi.

Si kwamba wakubwa walikaa tu. Julai mwaka huo hata maputo ya intaneti yalirushwa juu angani, yapata 35, kampuni ya Loon ya Marekani ikishirikiana na Telkom, ili simu zipate mtandao mashambani. Kufikia Januari 2021 wenye maputo walikuwa wametangaza kwamba wanaifunga kampuni. Sikusikia mtoto hata mmoja wa ukoo wetu aliyepata somo kutoka kwenye puto.

Tarehe 7 Julai marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwaka 2020 umepotea: hakuna KCPE wala KCSE, na kila mtoto atarudia darasa Januari. Wazazi wengi walimkasirikia. Mimi nilimwona kama mtu aliyekubali kusema hadharani kile ambacho sisi watangazaji tulikuwa tukikizunguka, kwamba masomo yetu ya hewani hayakuwa shule. Majirani walikuwa na yao. Tanzania ilifunga shule za msingi Machi na kuzifungua tarehe 29 Juni. Uganda ilifunga tarehe 20 Machi 2020 na haikufungua madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022, na huko serikali ilichapisha masomo magazetini, kama Chicago ya 1937.

Halafu mambo yakageuka. Tarehe 12 Oktoba walirudishwa wa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. Shule ya jirani yangu ikawa na madarasa mawili tu katika majengo ya wote. Darasa la nane, lililokuwa likibanana katika chumba kimoja, likagawanywa vyumba vitatu, kila mtoto na dawati lake, mlangoni mtungi wa maji wenye bomba na sabuni, na mwalimu wa zamu ameshika kile kipimajoto mfano wa bastola. Mwalimu mkuu aliniambia jambo lililonichoma: kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hiyo ndiyo mihula pekee ambayo mwalimu aliweza kuona kila daftari kila siku. Korona ndiyo iliyompa darasa la ukubwa unaofaa. Waliofanya KCPE yao Machi 2021 wengi wao walifunzwa hivyo kwa majuma yale machache, nami sijasikia afisa yeyote akilitaja.

Januari tarehe 4 walirudi wote, na nafasi ikaisha siku hiyohiyo. Madarasa mengine yalikaa chini ya miti. Barakoa zilikuwa lazima, lakini mtoto wa darasa la kwanza huivua akitaka kusema, akaiazima kwa mwenzake akitaka kwenda msalani. Kalenda yenyewe ilivurugika: mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 2021, wa 2022 ukaanza Aprili, mihula ikafupishwa, likizo zikawa za siku chache, na mambo yakarudi mahali pake Januari 2023.

Lakini ninalokumbuka zaidi ni asubuhi ile ya tarehe 4. Walimu walitoa rejista zilezile za Machi, zenye nambari za simu pembeni, wakaanza kuita. Kila jina ambalo halikuitikiwa liliwekwa alama. Alasiri mwalimu mkuu akajumlisha alama hizo, akamwendea chifu, kwa kuwa machifu walikuwa wameagizwa kuwatafuta wasiorudi. Pamoja na wazee wa nyumba kumi walipita mlango kwa mlango kwa siku kadhaa. Wengine walikuwa wamehamia mashambani na wazazi waliokosa kodi, wakajulikana wako salama. Msichana mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, akasema atarudi akipata wa kumwachia, na Mei alirudi.

Mvulana mmoja wa darasa la sita alipatikana kwa mnunuzi wa vyuma, akipima waya za shaba kwenye mizani. Mwalimu mkuu alimuuliza kama alikuwa akifuata masomo redioni. Akasema ndiyo, alifuata mpaka mama alipoiuza simu, mwezi wa tano. Mwalimu akauliza mbona basi hakuja shuleni zilipofunguliwa. Yule kijana akajibu kwamba alidhani hakuna aliyeona kwamba hayupo. Alifika Jumatano hiyo, bila sare, na jina lake likaitwa.

Rejista hiyo ingali katika kabati la mwalimu mkuu. Nimeiona. Nambari za simu zimefifia, na kati ya Machi na Januari kurasa ni tupu.

Kwa leo nakomea hapo. Tukutane tena juma lijalo, saa kama hii.