Mpagazi, Kuli na Kontena: Historia ya Uchukuzi wa Shehena kutoka Mombasa

Historia ya bandari ya Mombasa aghalabu huandikwa kwa hesabu ya meli na tani. Msamiati wa uchukuzi, hata hivyo, umehifadhi habari nyingine, nayo ni ile ya watu waliobeba gharama ya kila badiliko. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba habari hiyo haiwezi kuachwa nje ya utafiti kuhusu uendelevu wa uchukuzi.

Istilahi za bandarini zinaelekea baharini: bandari ni neno la asili ya Kiajemi, forodha, shehena na hamali yana asili ya Kiarabu. Lakini shehena ilipoingia bara ilimkuta mpagazi, ambaye jina lake latokana na kitenzi pagaa, yaani kubeba begani. Sababu yake ni dhahiri. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo katika sehemu kubwa za njia, hivyo binadamu mwenyewe akawa chombo cha uchukuzi. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na ni bidhaa za thamani kubwa tu, kama vile pembe za ndovu, zilizoweza kulipia safari hiyo.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walifariki. Neno kuli, lililotoka huko huko, hatimaye likamtaja mpakizi na mpakuzi wa bandarini, awe wa asili yoyote. Misitu nayo ililipa sehemu yake, kwa kuwa injini za kwanza zilichoma kuni, hata mikaratusi ikapandwa ili kuzilisha. Jina gari la moshi lilisema wazi jambo ambalo hesabu za tani hazikulitaja.

Imedhaniwa kwamba reli ilimwondolea mpagazi mzigo wake. Vita vya 1914 hadi 1918 vyakanusha dhana hiyo. Majeshi yalipoiacha reli, mabega yalihitajiwa upya, na makumi ya maelfu ya wachukuzi wakafa, wengi wao kwa maradhi. Jina la Kiingereza la kikosi chao, lililotoholewa kwa matamshi ya Kiswahili, lingali hai katika mitaa ya Kariakor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam.

Gati za maji ya kina za Kilindini zilifunguliwa mwaka 1926. Makuli wa hapo waligoma mwaka 1939, na wafanyakazi wa mji mzima wakagoma mwaka 1947. Baadaye kontena lilipunguza haja ya mikono yao. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, ilitetewa kwa hoja ya haki: treni moja huondoa malori mengi barabarani. Lakini treni hizo nazo hutumia dizeli; na mwaka 2019, shehena ya bara ilipoamriwa ipakiwe relini, wakazi wa Mombasa waliandamana wakilalamika kwamba riziki ya madereva, mawakala na wenye maghala ilikuwa ikihamishwa. Mnamo Septemba 2022 shughuli za kutoa shehena forodhani zilirejeshwa Mombasa.

Uendelevu na maendeleo ni maneno ya mzizi mmoja, endelea. La pili limezoea kuuliza shehena imefika wapi na kwa kasi gani. La kwanza halina budi kuuliza pia ni nani aliyeibeba, na kama yeye, msitu na mji wake vitaweza kuendelea. Mtafiti akihesabu moshi pasipo kuhesabu riziki, au riziki pasipo moshi, atakuwa amepima nusu ya mzigo. Hivyo basi, wanaisimu wana wajibu wa kukusanya lugha ya mahamali na makuli wangali hai, kwani katika lugha hiyo mna ushahidi ambao daftari za bandari hazikuuandika.