Hati ya uwakala: Ngao ya mwenye biashara akisafiri

MWENYE biashara ndogo ya kupamba nyumba zinazotafutiwa wanunuzi au wapangaji, awe mjini Kitui au Wote, Makueni, anaposafiri humwachia jamaa kazi hiyo kwa neno la mdomo. Neno hilo halitoshi mbele ya benki. Panahitajika hati ya uwakala.

Hati ya jumla humpa wakala mamlaka mapana; hati maalumu humfunga katika shughuli zilizotajwa, kama vile kukodi samani au kupokea malipo. Kwa biashara ndogo, ya pili ni salama zaidi. Iandike nambari za vitambulisho, mipaka ya kazi na siku ya kukoma, kisha itiwe sahihi mbele ya wakili. Ikigusa ardhi, husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012.

Anayeibatilisha aiarifu benki na wateja kwa maandishi.

Wengi husahau kwamba hati hii hufa pamoja na aliyeitoa. Baada ya mazishi, wakala hana ruhusa ya kutoa hata shilingi moja. Familia sharti iombe mahakamani idhini ya kusimamia mirathi.