Valvu au transista? Kuchagua kikuza sauti cha santuri

Mwaka 2022 santuri ziliuzwa Marekani kwa wingi kuliko CD, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987: takriban milioni 41 dhidi ya milioni 33, kwa mujibu wa RIAA, chama cha makampuni ya kurekodi muziki nchini humo. Wengi waliorejea kwenye gramafoni, wakiwamo Waafrika Mashariki waliohifadhi rumba na taarabu katika santuri ndogo za mizunguko 45, hugundua kuwa amplifaya nyingi za leo hazina tundu la kuichomeka. Hulazimika kununua kikuza sauti cha awali, na hapo ndipo huulizwa: cha valvu au cha transista?

Kifaa hicho kina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza umeme hafifu unaotoka kwenye sindano. Ya pili haijulikani sana. Santuri inapochongwa, sauti nzito hupunguzwa makusudi ili mifereji yake isiwe mipana kupita kiasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zizidi kelele za sindano. Kikuza sauti hurudisha kila kitu mahali pake, kwa kipimo kilichowekwa na RIAA mwaka 1954. Bila marekebisho hayo, besi hupotea na mwimbaji husikika kama yuko ndani ya kopo.

Valvu yenye uwezo wa kukuza sauti ilibuniwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Transista ilizaliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, nchini humo humo, na baadaye ikaiondoa valvu katika redio za majumbani. Hata hivyo, valvu bado hutengenezwa Urusi, China na Slovakia.

Wapenzi wake husifu sauti yenye "joto". Maelezo ya kawaida ni kwamba valvu huongeza kiasi kidogo cha sauti isiyokuwamo katika santuri, hasa oktava ya juu ya kila noti, na sikio huipokea kama utamu. Huo ni ladha, si usahihi, na anayeulipia ni vyema ajue analipia nini. Ajihadhari pia na vifaa vya bei rahisi vyenye valvu inayowaka mbele kama taa ya maonyesho, ilhali kazi yenyewe hufanywa na transista zilizofichwa nyuma yake.

Jambo la kuangalia kwanza ni kichwa cha sindano. Kile cha aina ya MM, chenye sumaku inayotikisika, hutoa milivolti 3 hadi 5. Hukuzwa mara 100 hivi, na valvu nzuri huimudu kazi hiyo bila taabu. Kile cha MC, chenye koili inayotikisika, mara nyingi hutoa chini ya nusu milivolti na huhitaji kukuzwa mara 1,000. Hapo kelele ya chinichini ya valvu huanza kusikika, isipokuwa pawe na transfoma ndogo mbele yake, ambayo nayo ina gharama. Kwa mwenye MC na fedha za kiasi, transista ndiyo jibu.

Anayepeleka kifaa nyumbani kutoka Marekani akumbuke umeme. Kilichoundwa kwa volti 120 kitaungua kikichomekwa kwenye volti 230 au 240 za Afrika Mashariki. Vifaa vidogo vya transista aghalabu hutumia adapta ya nje, ambayo hubadilishwa kwa urahisi. Vya valvu huwa na transfoma ndani, na volti zaidi ya 200 zinazoweza kubaki katika kapasita hata baada ya kuchomolewa; si vya kufunguliwa na asiye fundi.

Mwenye santuri za mizunguko 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay kuanzia mwaka 1928, ana swali jingine kabisa. Santuri hizo zilitangulia kipimo cha 1954, na kila kampuni ilikuwa na chake. Huhitaji sindano pana zaidi na kikuza sauti chenye swichi ya kubadili vipimo. Swichi hiyo itamfaa kuliko valvu yoyote.